Bawa juu au bawa chini? Uliza kwanza utatua wapi

Mwenye fedha za kununua ndege ndogo iliyotumika hukutana na swali moja kabla hata ya bei: mabawa yawe juu ya kichwa, kama Cessna 172, au chini ya kiti, kama Piper Cherokee? Wauzaji hupenda kulijibu kwa habari ya mandhari na sura. Hilo, kwa maoni yetu, ni jibu la abiria, si la mnunuzi.

Cessna 172 iko sokoni tangu mwaka 1956 na zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji mwaka 1986, kikarejea 1996, hivyo nyingi zinazouzwa ni kuukuu. Hata hivyo, zina faida moja kubwa, nayo ni mafuta. Kwa zile za kabureta, mafuta hushuka yenyewe kutoka matangi yote mawili kwa pamoja. Cherokee huvuta kwa pampu kutoka tangi moja kwa wakati, na kubadili ni kazi ya rubani. Zipo injini zilizozimika angani huku tangi la pili lina mafuta tele. Huo ni uzembe wa gharama kubwa mno.

Aidha, kwa anayetua viwanja vya vumbi na nyasi, kama vile vya Serengeti au Maasai Mara, bawa la juu hupita juu ya vichaka, na milango ni miwili. Cherokee ina mlango mmoja tu, wa kulia, tena unaukanyaga ubawa ndipo uingie. Kwa anayetumia lami pekee hoja hizo hupungua uzito: magurudumu ya Cherokee yametanuka, haiyumbishwi ovyo na upepo ikiwa chini, na kujaza mafuta hakuhitaji ngazi.

Lakini mnunuzi wa Cherokee asilipe kabla ya kuona kumbukumbu za ukaguzi. Mwaka 2018 moja ya jamii ya PA-28 ilikatika bawa huko Daytona Beach, Marekani, na watu wawili wakafa. Kuanzia 2021 mamlaka ya anga ya huko imelazimisha zenye saa nyingi zikaguliwe mhimili wa bawa. Cessna nayo ina reli za viti za kukaguliwa, ila hiyo ni kazi ndogo. Muuzaji asiye na karatasi ya mhimili, gharama ya ukaguzi itoke kwenye bei yake.