Jirani akikufunga kila mwaka, usinune

Jana usiku hosteli kulikuwa na ubishi wa raga. Mkenya mmoja kanicheka: "Wewe wa Kijenge, raga umeijulia wapi?" Iliniuma, ila nikamuuliza: Kombe la Elgon si mlilianzisha na Waganda mwaka 2004? Jina la mlima wa mpakani, watani wawili, mechi nyumbani na ugenini, karibu kila mwaka. Basi mwaka 2007 Uganda wakabeba Kombe la Afrika, Kenya wenyewe wakalipata 2011. Sisemi ni Elgon peke yake, ila jirani msumbufu naye ni mwalimu.

Sasa sisi Arusha tuna Meru yetu, na Namanga ni mwendo wa kama saa mbili tu. Kwa nini tusiwe na kombe letu la mpakani kila mwaka, hata wakitufunga miaka kumi mfululizo? Madogo wengi wa Kijenge wanajua soka tu kwa sababu raga hawajawahi kuiona kwa macho. Mi naona bora tupigwe uwanjani kuliko kuchekwa hosteli. Au nakosea, wadau?