Mbegu Njema na Zizi Lake



Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Ndandalo alinunua mtamba wa Friesian kutoka Tukuyu kwa fedha za mkopo, akitegemea maziwa yalipe karo. Aliambiwa kuwa mama wa mtamba huyo hukamuliwa ndoo tele. Lakini alipozaa huku kwetu, alitoa lita sita, kisha nne. Mchana alihema mdomo wazi. Minong'ono ikaanza kwamba kuna mkono wa mtu, na yule mama akaacha kumwamkia wifi yake.

Ndugu zangu, hapakuwa na mkono wa mtu. Kumbukeni mpanzi katika Mathayo 13: mbegu zilikuwa zile zile, udongo ndio uliotofautiana. Hata kliniki tunaona, mtoto wa wazazi warefu akikosa lishe hudumaa. Ng'ombe naye hurithi uwezo wa kutoa maziwa kwa baba na mama yake, lakini urithi huo haufiki ndooni bila chakula, maji, kivuli na afya.

Tukuyu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, penye baridi. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni kama mita 500 tu. Friesian asili yake ni Ulaya. Akizidiwa na joto hupunguza kula, na asipokula maziwa hupungua. Tena ndigana kali iletwayo na kupe humwua upesi kuliko ng'ombe wetu wa asili. Huyu wa asili huvumilia, lakini hata ukimjazia hori, hatapita lita chache. Urithi wake umeishia hapo.

Ndiyo maana wataalamu wa Mpwapwa, Dodoma, walichanganya damu ya ng'ombe wa asili, wa Asia na wa Ulaya, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa. Kwa sisi wa bondeni, chotara hufaa kuliko Friesian kamili.

Basi, mama, zingatia haya:

1. Kabla ya kununua, mwone bwana mifugo. Uliza pia kuhusu kumpandisha ng'ombe wako wa asili kwa mbegu ya uhimilishaji.

2. Jenga banda lenye paa la nyasi na pande wazi. Maji yawepo usiku na mchana, kwa maana sehemu 87 katika 100 za maziwa ni maji.

3. Pumba za mpunga peke yake hazitoshi. Ongeza majani ya tembo na lukina, ukilisha zaidi jioni na alfajiri.

4. Mwogeshe dawa ya kupe kama utakavyoelekezwa.

5. Chemsha maziwa, na watoto wako wanywe kabla hujauza.

Yule mama alijenga banda na kuchimba kisima. Maziwa yalipanda hadi lita saba, si ndoo tele, lakini deni linalipika. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa wifi yake kumwomba msamaha.