Chupa ya Maji Haitoshi

Anayetaka kujua kama bahari imechafuka kwa kawaida huchota maji, akayatia chupani na kuyapeleka maabara. Majibu yakija huweza kusema risasi haikuonekana, na faili likafungwa. Makala hii inapinga mazoea hayo. Maji ya horini hayakai mahali pamoja. Yakichotwa wakati bamvua limejaa, kinachopimwa ni maji yaliyoingia kutoka bahari kuu saa chache zilizopita, na uchafu uliomwagwa usiku umekwishaondoka na kupwa. Lakini hauondoki wote. Sehemu yake hutua topeni, na sehemu hunyonywa na mmea usiohama: nyasi bahari.

Nyasi hizi si mwani. Zina mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, majani, hata maua na mbegu. Majani yake hunyonya metali zilizoyeyuka majini, na mizizi hunyonya zilizojificha topeni. Shaba na zinki mmea huzihitaji kwa kiasi kidogo. Risasi, kadimi na zebaki hazina kazi yoyote mwilini mwake, ila huingia vilevile, na metali haiozi. Kwa kuwa jani huishi wiki au miezi tu, huku shina la chini likiishi miaka, mpimaji makini hupata habari za msimu huu na za zamani katika mmea mmoja.

Ushahidi upo Canari, katika kisiwa cha Corsica. Mgodi wa asbesto wa hapo ulifungwa mwaka 1965, baada ya kumwaga mabaki ya miamba baharini kwa miaka mingi. Miamba ile ina nikeli, kromi na kobalti. Takriban miaka 40 baadaye, watafiti walipochunguza nyasi aina ya Posidonia oceanica walikuta metali hizo bado zimezidi karibu na mgodi kuliko kwingineko kisiwani. Mgodi ulikuwa kimya, nyasi bado zilikuwa zinaushitaki. Aina hiyo ina sifa moja adimu: maganda ya majani yaliyokufa hubaki yameshikamana na shina, na unene wake hubadilika kwa mpangilio wa kila mwaka, hivyo mtafiti anaweza kuhesabu miaka kurudi nyuma na kupima kila mwaka peke yake.

Nyasi za pwani yetu ya Afrika Mashariki hazitunzi maganda kwa namna ile, ila tunazo aina zaidi ya kumi, na zimeota karibu kabisa na watu wanaozihitaji. Samaki aina ya tasi huzila. Kasa na nguva huzila. Akina mama wanaookota chaza na kuchokoa pweza hukanyaga nyasi hizo kila maji yanapotoka. Wakati huohuo Mto Msimbazi unapita katikati ya viwanda na makazi ya Dar es Salaam kabla ya kufika baharini, na Mombasa ilitupa taka zake Kibarani, ukingoni mwa hori ya Makupa, kwa miongo kadhaa. Ni ajabu kwamba sehemu kama hizi bado tunazihukumu kwa chupa.

Sisemi kwamba kila jani ni hukumu. Viumbe vinavyoota juu ya jani visipokwanguliwa, metali yao huhesabiwa kuwa ya nyasi. Aina mbili zilizoota bega kwa bega hutofautiana katika unyonyaji, na jani changa halilingani na jani kuukuu. Anayelinganisha majani ya Tanga na mizizi ya Chwaka, Unguja, halinganishi chochote. Tena risasi ndani ya nyasi haithibitishi kwamba tasi ni sumu; tasi naye apimwe, kabla mvuvi hajaharibiwa soko lake kwa uvumi.

Kuna jambo zito zaidi. Nyasi hutuliza tope. Zikifukuliwa kupanua gati, au zikang'olewa kupendezesha ufuo wa hoteli, tope huvurugika na metali iliyokuwa imelala hurudi majini. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 29 ya eneo la nyasi bahari linalojulikana limetoweka tangu 1879. Shahidi anapotea pamoja na ushahidi wake.

Kwa hiyo ombi letu kwa taasisi za utafiti za Tanzania na Kenya, na kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), ni dogo na la gharama nafuu: chagueni vituo vya kudumu, aina ileile ya nyasi, sehemu ileile ya mmea, kaskazi na kusi. Nyasi zikioshwa, zikakaushwa na kufungwa vizuri, huhifadhika kwa miaka. Anzeni kuziweka sasa, hata kama fedha za kuzipima hazipatikani mwaka huu.