Wawindaji wa mashine mashambani Ujerumani

Kila mtu na uraibu wake. Kuna anayekusanya stempu, kuna anayefuga njiwa, na kuna yule ambaye Jumapili ikifika humbandui uwanjani hata umvute kwa trekta. Huko Ujerumani kuna watu ambao uraibu wao ni kuwinda mashine kubwa za kuvunia. Hawazinunui wala hawaziendeshi. Wanachotaka ni picha tu.

Hebu fikiria mtu mzima, mwenye kazi yake mjini, anayeomba likizo mwezi wa Julai. Badala ya kwenda baharini kama wenzake, anasimama kando ya shamba la ngano la mtu asiyemjua, kamera shingoni, vumbi puani, akisubiri kombaini ifike mwisho wa shamba na kugeuka. Akirudi nyumbani jioni ana picha mia tatu za mashine ile ile. Mkewe humuuliza swali ambalo hata wewe ungemuuliza: kwani hizi picha zina tofauti gani?

Mwindaji mwenyewe anaijua tofauti. Katika picha moja vile visu vya mbele ndiyo kwanza vinaingia ndani ya ngano. Katika nyingine, punje zinamiminika kama maji kutoka kwenye bomba la mashine hadi ndani ya tela linalovutwa sambamba nayo, vyote vikienda mwendo mmoja bila kusimama. Dereva wa trekta akizubaa kidogo, ngano inamwagika chini. Basi mpiga picha anayetaka kuinasa hali hiyo lazima awe macho kama mlinda lango.

Ukubwa wa mashine hizi ndio huwavuta wengi kwanza. Kampuni ya Claas, ambayo makao yake ni mji mdogo wa Harsewinkel, ilitoa mwaka wa 2019 kombaini iitwayo Lexion 8900. Injini yake ina nguvu za farasi 790, na tangi lake huchukua lita 18,000 za nafaka. Ile sehemu ya mbele inayokata inaweza kuwa na upana wa karibu mita 14. Pima sebule yako, kisha ujiulize ni sebule ngapi zingefyekwa kwa mara moja.

Wajerumani huiita kombaini kwa neno moja lililounganishwa, Mähdrescher, yaani kifyekaji na kipuraji. Jina hilo limebeba historia nzima. Zamani kazi hizo zilikuwa mbali mbali: watu walikata ngano, wakaifunga mafungu, wakaianika, wakaipura, kisha wakaipepeta kuondoa makapi. Claas, iliyoanzishwa mwaka wa 1913, ilitoa kombaini yake ya kwanza mwaka wa 1936, nayo ilikuwa ikivutwa na trekta. Tangu hapo kazi za kijiji kizima zikaanza kuingia ndani ya chombo kimoja. Leo anayeonekana shambani ni dereva mmoja, ameketi nyuma ya kioo katika chumba chenye hewa baridi, na mara nyingi mashine inajiongoza yenyewe kwa kufuata setilaiti.

Msimu wa mawindo ni mrefu kuliko unavyodhania. Shayiri huanza kuvunwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Ngano hufuata Julai na Agosti. Mnamo Septemba ni zamu ya mahindi, na hapa Mkenya anaweza kutokwa na machozi. Mengi ya mahindi yale hayangojwi yakauke. Mashine huyakata yangali na unyevu na kuyasaga yote kwa pamoja, punje, gunzi, majani na bua, ili yawe chakula cha ng'ombe au yatumiwe kutengenezea gesi. Mashine za kazi hiyo ndizo zenye nguvu kupita zote. Kampuni ya Krone ya Spelle, iliyoanza mwaka wa 1906, huunda nyingine zenye zaidi ya nguvu za farasi 1,000.

Baada ya mahindi huja viazisukari, ambavyo kwa Wajerumani ni kama miwa ya Mumias kwetu. Kazi ya kuving'oa huanza Septemba na huweza kuendelea hadi baridi kali iingie. Mashine za makampuni ya Ropa na Holmer, yote ya jimbo la Bavaria, hung'oa safu sita kwa pamoja, huondoa majani, hukung'uta udongo na kubeba mzigo mgongoni. Wapiga picha huzipenda sana kwa sababu hufanya kazi kwenye ukungu na matope, taa zikiwaka kila upande, utadhani meli imepotea njia ikapandia nchi kavu.

Kuzipata mashine hizo si kazi ya kubahatisha. Mwindaji hodari huanza kwa kusoma anga. Ngano ikiwa na umande haivuniki vizuri, kwa hiyo asubuhi na mapema hakuna cha kupiga picha. Ili nafaka ihifadhiwe bila kuota ukungu, unyevu wake unafaa kuwa karibu asilimia 14 au 15. Jua likiwaka siku kadhaa mfululizo, halafu redio ikatangaza kwamba mvua yaja kesho, mwindaji hufunga virago. Anajua kwamba siku hiyo kila mashine itakuwa shambani, na huenda zikavuna hadi usiku wa manane.

Kisha hutazama dalili. Vumbi linalopaa nyuma ya kilima ni dalili. Matela matupu yanayokwenda mbio upande mmoja na kurudi yamejaa ni dalili kubwa zaidi. Akikuta barabarani kombaini inayovuta ule mkono wake wa kukatia kwenye gari la nyuma, maana ni mpana mno kupita ukiwa mbele, anajua kwamba shamba moja limekwisha na jingine linaanza. Hapo hufuata taratibu kwa nyuma.

Uraibu huu una adabu zake pia. Hukanyagi mimea ya mtu ambayo haijavunwa. Huegeshi gari kwenye njia ya shamba, kwa sababu matrekta yanaihitaji njia hiyo na dereva aliyechelewa hana mzaha. Huegeshi juu ya mabua makavu vilevile, kwa kuwa bomba la moshi la gari likiwa moto linaweza kuwasha shamba zima. Husimami mahali ambapo dereva hawezi kukuona. Aidha, sheria ya Ujerumani ya tangu mwaka wa 1907 inampa mtu haki juu ya sura yake, hivyo kwa kawaida ukitaka kuichapisha picha ya dereva lazima kwanza akubali. Wenye busara humpungia mkono, humsubiri apumzike, humwomba ruhusa na kumpelekea nakala. Safari nyingine yeye mwenyewe ndiye atakayewapigia simu: njooni kesho, tunaanza shamba kubwa.

Pengine utauliza, faida yake nini? Jibu utalipata upande wa mashariki wa nchi hiyo. Hadi mwaka wa 1990 eneo hilo lilikuwa nchi mbali, yenye serikali ya kikomunisti, na wakulima wengi walikuwa wametiwa katika vyama vya ushirika vyenye mashamba makubwa ajabu. Kombaini zao ziliundwa huko huko kwa jina la Fortschritt, maana yake Maendeleo. Maarufu zaidi ilikuwa E 512, iliyoanza kuundwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Ujerumani mbili zilipoungana Oktoba 3, 1990, mashine za magharibi zilimiminika, na hizo za zamani zikaanza kutoweka mashambani. Leo mtu akitaka kujua mavuno ya wazazi wake yalikuwaje, mara nyingi anaitegemea picha ambayo mtu fulani aliipiga siku ambayo wengine hawakuona cha maana cha kupiga.

Wakulima wenyewe nao wanapungua. Mwaka wa 2010 Ujerumani ilikuwa na mashamba ya familia na makampuni yapatayo 299,000. Kufikia mwaka wa 2020 yalibaki kama 263,000. Mashine zinazidi kukua, watu wanazidi kupungua. Mambo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Hapa ndipo ninapowapa wawindaji hawa heshima, na papo hapo ninawauliza swali. Mashine hupendeza machoni pa mtu asiyeiogopa. Kwetu sisi mambo ni tofauti. Mnamo Mei 2023, mashine za kuchuma majani chai zilichomwa moto huko Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya riziki. Mjerumani huona chombo cha ajabu na kutoa kamera. Mchumaji wa Kericho huona chombo kama hicho na kuhesabu ada ya shule aliyokuwa akiilipa kwa kilo za majani. Hakuna kati yao aliye mjinga. Wamesimama tu pande mbili za wakati. Kwa Mjerumani, mikono ya watu iliondoka kwenye ngano zamani, na waliolia walikwisha kulia.

Isitoshe, mikono haijaondoka kila mahali hata huko Ulaya. Mboga iitwayo asparagasi, ambayo Wajerumani huienzi sana kila majira ya kuchipua, bado huchimbwa kwa mkono, na wengi wa wachimbaji ni vibarua kutoka Romania na Poland. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga mipaka, vibarua waliletwa kwa ndege ili zao hilo lisiozee ardhini. Kwa hiyo kombaini haijamaliza hadithi ya mavuno, ingawa ndiyo inayoonekana kutoka barabarani.

Picha nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile yenye mtu ndani yake: dereva anayekunywa chai kwenye ngazi ya mashine, kijana anayepangusa kioo kilichojaa vumbi, mzee aliyevuka barabara kuja kutazama shamba alilolivuna kwa fyekeo akiwa mvulana. Ukubwa wa chuma huonekana vizuri binadamu akiwa kando yake. Na miaka hamsini baadaye, anayeitazama hatauliza injini ilikuwa ya nguvu gani peke yake. Atauliza, huyu alikuwa nani?

Basi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mnapokwenda mashambani likizoni msipige picha za kujionyesha pekee. Kama kwenu ni Narok au Uasin Gishu, zipigeni kombaini za ngano zikiwa kazini, lakini mkae mbali nazo na mwombe ruhusa. Kama kwenu ni Kericho au Kiambu, mpigeni picha mama akichuma chai au kahawa, kikapu kikiwa mgongoni na vidole vikienda haraka kuliko macho. Nyuma ya picha, au kwenye simu, andikeni jina lake, mahali na tarehe. Kazi ile tunayoiona kila siku ndiyo inayoondoka bila kuaga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la wazazi wetu ni mali pia.