MTOTO ALIYELAZWA ASIACHWE PEKE YAKE



Mtoto akilazwa hospitali, watu huuliza habari ya dawa na habari ya fedha. Liko jambo la tatu, nalo ni moyo wa mtoto.

Huko Uingereza zamani wazazi walizuiwa kukaa na watoto wao wadini. Mwaka 1952 Bwana James Robertson wa London alionyesha sinema ya mtoto wa miaka 2, aliyelazwa siku 8 kwa kupasuliwa ngiri ya kitovu. Mtoto yule hakupiga kelele nyingi, ila alizidi kunyamaza na kumwulizia mama yake. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt, daktari wa upasuaji, ilishauri wazazi waruhusiwe kuja wakati wowote, na watoto wapate michezo na masomo.

Basi mtoto kunyamaza si kutulia. Daktari, sista, mwalimu, mjuzi wa mambo ya moyo na mzazi, wote washauriane juu yake. Injini haitoki karakana mpaka kila fundi ameitazama sehemu yake. Je, mtoto wetu ni duni kuliko injini?

Lakini mzazi wa zamu ya usiku atafikaje wadini? Hapo ndipo kazi ya chama. Twataka mapatano yajayo yaseme: mtoto akilazwa, mzazi apewe ruhusa yenye mshahara, au abadilishiwe zamu. Wapeni wajumbe wa tawi maoni yenu kabla ya mkutano.