Mlima Hauandikwi kwa Kusimuliwa

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nitasema jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, hasa wale tunaokaa nao kijiweni kila Jumamosi kusomeana miswada. Wengi wetu ni waongo. Sisemi uongo wa kubuni, maana huo ndio kazi yetu. Nasema uongo wa kuandika milima, mito na mipaka ambayo hatujapata kuikanyaga, halafu tunamtaka msomaji atuamini.

Mwezi uliopita niliwaletea washikaji mpango wa safari. Tunatoka hapa Tanga kwa basi, Segera, Korogwe, Mombo, tunapanda Lushoto. Tunashuka, tunaifuata milima ya Upare kupitia Same na Mwanga mpaka Himo, Kilimanjaro ikiwa mbele yetu kama mawingu yataturuhusu. Tunavuka mpaka Holili na kuingia Taveta. Tunapita Mwatate, tunapanda Wundanyi kwenye vilima vya Taita, tunateremka Voi, kisha Mombasa, na kurudi nyumbani kwa njia ya Lungalunga na Horohoro. Milima minne, nchi mbili, mduara mmoja.

Nilidhani nitashangiliwa. Wapi! Wa kwanza akacheka, "Hayo mambo ya watasha, bwana. Mswahili gani anafunga safari kwenda kutazama mlima?" Wa pili akasema mwandishi anatosheka na mtaa wake. Wa tatu, ambaye ndiye msomi wetu, akasema picha zote zimo ndani ya simu, nauli ya nini? Siku ile nilinyamaza. Leo nawajibu.

Nianze na huyu wa picha, na kabla ya kumshtaki yeye nijishtaki mwenyewe. Nina mswada wa riwaya, madaftari manne, habari za binti wa Lushoto aliyeolewa Taveta. Nimeuandika wote nikiwa chumbani, ramani ya shule na simu zikiwa mezani. Sura ya kwanza nilimsomea mama mmoja auzaye mboga sokoni, mzaliwa wa huko juu. Nilipofika pale binti anapoamka alfajiri na kukuta theluji uani, mama akaacha kupanga mafungu ya karoti.

"Mwanangu, theluji Lushoto? Sisi baridi tunayo, na ukungu tunao, asubuhi nyingine humwoni aliye mbele yako. Theluji iko Uchaggani, tena juu kabisa kule. Wewe umefika kwetu?"

"Sijafika, mama."

"Sasa huyo msichana umemjuaje?"

Sikuwa na jibu. Nikaona haya, nikafunga daftari.

Halikuwa kosa moja. Harusi ya binti huyo niliiweka mwaka 1980, na wageni nikawavusha mpaka mchana kweupe, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori njia za kaskazini akaniuliza, "Walivuka kwa ruhusa ya nani?" Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, haukufunguliwa hadi 1983. Yaani nilikuwa na riwaya nzima mkononi, watu wa ukoo mmoja wametenganishwa na lango, nami nikaipita nikaandika ngoma! Simu ilinionyesha kona za barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33. Haikunionyesha watu wanaopandisha na kushusha maisha yao humo.

Sasa wewe uliyesema ni mambo ya watasha. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika karibu na Kilimanjaro akaandika kwamba ameona theluji. Huko London bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye mlima huo hakuuona kwa macho yake, akambishia kwa miaka mingi: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wachagga waliokuwa wakiitazama theluji hiyo kila kunapokucha yeye hakwenda kuwauliza. Basi jiulize, katika kisa hiki wewe unafanana na nani? Ukikataa kwenda, hujamkataa mtasha. Umekalia kiti cha Cooley.

Na kuna jambo zito zaidi. Mara ngapi mmesikia kwamba mpaka wetu umepinda pale kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi? Hata kwenye miswada yetu nimeikuta hadithi hiyo. Ni ngano tu. Mstari ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, upite kati ya Taveta na Uchagga, uzunguke kaskazini ya mlima kwenda Ziwa Victoria. Wilhelm huyo hakuwa Kaizari mpaka 1888. Hapakuwa na zawadi, palikuwa na mapatano ya wakubwa wawili waliogawana nchi ya watu bila kuwauliza wenyewe. Ziwa Chala likakatwa vipande viwili, maji huku na maji kule.

Mwandishi anayeiandika milima hiyo kwa kubahatisha anafanya kazi ileile. Anapiga mstari juu ya watu asiowajua. Tofauti ni kwamba yeye anautumia wino wa Kiswahili.

Kwa wewe wa mtaa sina ugomvi mkubwa. Andika mtaa wako, ni haki yako, na kuna mitaa inayotosha riwaya kumi. Lakini usiseme ndio desturi yetu. Abdallah bin Hemedi aliyetuandikia Habari za Wakilindi aliishi Usambara na kuwatumikia watawala wa huko. Alikaa na watu, akasikiliza, ndipo akashika kalamu. Kitabu cha Kiswahili, cha milimani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Sisi tunajidai wa kisasa tumeshindwa kupanda basi?

Mtasema fedha. Kweli, fedha ni tatizo, hata mimi mfuko wangu umetoboka. Ndiyo maana nasema twende kwa mabasi ya abiria na matatu, tusikodi gari, maana ndani ya gari la kukodi mtakuwa mnasikilizana wenyewe. Twende Julai au Agosti, masika yakiwa yamekwisha na njia za milimani hazina utelezi, na kila mtu abebe sweta. Mambo ya hati za kusafiria tuulize ofisi ya uhamiaji mapema, tusingoje kuaibishwa Holili. Siku hizi pale hakuna taabu ya zamani: tangu 2016 kuna kituo cha pamoja, unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande ule unaoingia. Kila tunapopanda, Lushoto na Wundanyi, tulale siku mbili. Siku ya kwanza hakuna kupiga picha. Tuulize majina ya vitu kwa Kisambaa, Kipare, Kitaveta na Kidawida, tuyaandike. Asiyeweza safari nzima aishie Lushoto. Asiyeweza Lushoto aende hata Amani, hapo juu ya Muheza. Lakini aende.

Mimi nitakwenda, hata peke yangu. Sura ya theluji nimekwisha ichana. Ile ya harusi nimeiacha, naingoja Taveta iniambie walivukaje, au kama hawakuvuka. Yule mama wa mboga amenielekeza kijiji chao na kunipa mzigo: kilo mbili za dagaa wakavu, nimfikishie dada yake. Anayetaka kufuatana nami aje na nauli yake, sweta, na daftari tupu. Daftari lililokwisha jaa aliache nyumbani.