Unakunywa Waini ama Kizibo?

Wasee, hii tabia ya kuona waini ya kifuniko cha kuzungusha na kusema "hiyo ni ya bei ya chini" imenichosha. Ati bila kizibo cha kuchomoa hakuna hadhi. Nani aliwadanganya?

Jeffrey Grosset ana kiwanda kidogo cha waini pale Clare Valley, Australia, tangu 1981. Mwaka wa 2000, yeye na wenzake wa bonde hilo waliamua Riesling zao zifungwe kwa hicho kifuniko mnachodharau. Kwa nini? Kizibo kikiwa kibaya, waini inanuka katoni iliyonyeshewa. Riesling yake nayo ni ndimu tupu, na uchachu wa kuamsha ulimi.

Kama umefika 18, nusa, onja, halafu ndio uniletee hadithi za kizibo.